Kisheria, Mle Ndani Bado ni Jumanne

Benchi letu lina miguu minne: mitatu ya asili na mmoja wa kubembelezwa. Ule wa kubembelezwa ulilegea miezi minne iliyopita, Barafu akaufunga kwa mkanda wa skuta uliokatika, mizunguko miwili, ncha zikabanwa kwa waya, na tangu hapo haujatikisika, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya wanaolikalia. Liko ukutani mwa karakana ya Fundi, mkabala na duka la kuchapisha ninakosahihisha makosa ya watu wengine, na ukikaa hapo unaiona barabara ya mlimani yote: kona ya kwanza penye nguzo ya umeme, kona ya pili penye jiwe jeupe, kona ya tatu penye mti mkavu, halafu kilele, halafu basi, maana ng'ambo haionekani. Alasiri ile tulikuwa watano. Alikuwapo Barafu, fundi wa majokofu, anayeamini kwamba kila tatizo duniani ni joto lililokosa njia. Alikuwapo Karani, aliyestaafu masjala baada ya miaka thelathini na mmoja na bado hatembei bila faili kwapani. Alikuwapo Shangazi, mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu na hutugombeza sote kana kwamba ni wetu. Alikuwapo Fundi mwenyewe, na mimi, ambaye kwa sababu ya kazi yangu huitwa Nukta. Na mbele yetu, juu ya stendi, ilisimama skuta ya marehemu Mluzi.

Fundi: Inapata joto.

Kwa mtu ambaye hawezi kukaza nati bila kuitolea hotuba, maneno yalikuwa machache mno. Hatukuyatilia maanani.

Barafu: Joto la wapi?

Fundi: La kava la mkanda. Nimeiwasha dakika tano tu. Mkono haukai.

Barafu: Aa, hapo umebisha hodi nyumbani kwangu! Sikilizeni, maana mnapanda vyombo msivyovijua. Skuta haina gia za kukanyaga. Ina puli mbele, ina puli nyuma, katikati mkanda. Mkanda ukisuguana na puli unazaa joto. Sasa puli ya mbele ina mapanga kama feni. Inavuta upepo kwenye mdomo huu wa mbele, upepo unapita sponji, unapita juu ya mkanda, unatokea huku nyuma. Upepo ukipita, mkanda unaishi. Usipopita, mkanda unapata homa mlimani, unafia mteremkoni.

Karani: Chanda chema huvikwa pete, na puli nayo huvikwa mkanda.

Shangazi: Methali hiyo ina kazi yake nyingine, Karani. Iache ipumzike.

Bila kukusudia, Barafu alikuwa ametueleza jinsi Mluzi alivyokufa. Alikuwa mwenzetu wa benchi. Alipokuwa akikaribia kona alipiga mluzi, noti nne za kupanda na moja ya kushuka, ili Shangazi amimine mapema. Jumanne moja, miezi minne nyuma, alipanda mlima vizuri, akavuka kilele, na ng'ambo mkanda ukakatika. Mkanda ukishakatika injini haikushikii tena. Mnabaki wewe, breki, na dua. Breki zikachoka kwanza. Sasa skuta ilikuwa imerudishwa na Ofisi ya Ukaguzi wa Vyombo, Fundi alikuwa amenyoosha usukani na kubadilisha tairi, na mdogo wa marehemu, mkunga, alikuwa anaijia saa tisa na nusu. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mama mwenye mapacha aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi. Kwa miguu ni mwendo wa saa nne. Kwa skuta ni dakika hamsini, ikifika.

Barafu: Basi kazi rahisi. Fungua kava, toa sponji, ipulize vumbi, safisha njia ya upepo.

Karani: Nani afungue? Hujaona lakiri?

Waya mwembamba ulikuwa umepitishwa kwenye skrubu mbili za kava na kubanwa kwa kipande cha risasi chenye namba. Karani aliitazama ile risasi kama mtu anavyotazama picha ya ujana wake.

Karani: "Kifuniko kisifunguliwe, kisibanduliwe wala kisiguswe kwa nia, mpaka uchunguzi ukamilike."

Barafu: Uchunguzi utakamilika lini?

Karani: Haujaanza. Ndiyo maana chombo kimerudishwa.

Shangazi: Hakuna kibali cha kufungua?

Karani: Kipo, na fomu ninazo hapa, nakala tatu. Inatakiwa saini ya mwenye chombo.

Shangazi: Mwenye chombo si amekufa!

Karani: Nililisema hilo dirishani. Wakasema hakuna shida, aje na cheti chake cha kifo, lakini aje mwenyewe, asitume mtu.

Barafu aliinuka, akapiga magoti mbele ya kava. Lilikuwa na matundu sita. Hayo yalikuwa kazi ya benchi. Mluzi alipolalamika zamani kwamba kava linachemka, Barafu alitoa kanuni: tundu zaidi, upepo zaidi. Likatobolewa moja. Wiki iliyofuata kila mwenye kikombe akawa na pendekezo la mahali pa jingine. La nne, nasikitika kusema, lilikuwa langu.

Karani: Penye wengi hapaharibiki neno.

Barafu: Neno halikuharibika. Tuliharibu kava.

Karani: Unasemaje?

Barafu: Nasema tulikosea. Upepo ni mvivu, jamani. Ukiufungulia mlango wa karibu, haufiki chumba cha nyuma. Feni ilikuwa inavuta kwenye matundu yetu na kutema papo hapo. Nyuma kwenye klachi, jangwa tupu.

Shangazi: Umeyajua lini hayo?

Barafu: Siku tuliyotoka kumzika. Nilikuwa nafungua jokofu la mtu, nikaona mwenyewe katoboa ubao wa nyuma ili "lipate hewa". Nikakaa chini.

Hakuna aliyemlaumu. Lawama yenyewe ingehitaji kugawanywa kwa sita.

Shangazi: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yazibe.

Barafu: Na "kisiguswe kwa nia"?

Karani: Nia gani, haikuelezwa. Guso lisilo na nia halimo kwenye waraka.

Basi Barafu akakata vipande vya mpira wa tairi ya ndani, akayaziba matundu sita huku akitazama angani na kuzungumzia hali ya hewa. Fundi hakumsaidia. Alikuwa ameketi na kikombe cha tatu, macho kwenye kava.

Barafu: Fundi, umeizima saa ngapi hii?

Fundi: Saa nane.

Barafu: Na sasa saa tisa. Mbona bado ni moto?

Fundi: Nimesema. Inapata joto.

Barafu: Ikiwa imezimwa?

Fundi aliinua kikombe. Akanywa.

Barafu: Sawa, sawa. Bati la aina hii lina kinyongo, halisamehe upesi. Halafu kuna jua.

Shangazi: Jua lipi? Iko kivulini tangu asubuhi. Na mnajua, sikutaka kusema, lakini nilipofika saa moja, kabla Fundi hajafungua mlango, niliweka mkono hapo nikiinama kuwasha jiko. Ilikuwa na joto. Si joto la chuma. Kama shavu la mtoto mwenye homa.

Barafu: Shangazi, ulikuwa umeshika makaa.

Shangazi: Nimeshika makaa miaka ishirini, nalijua joto langu na la jirani.

Barafu: Na huo mluzi unaotoa ikiwashwa? Fundi alipoijaribu niliusikia toka kwangu. Lakini huo naujua. Ni matundu. Nimeshayaziba, hautausikia tena.

Hapo Karani akalifungua faili, akalifunga, akalaza viganja juu yake. Nikajua kisa kinakuja.

Karani: Ninyi mnahangaika na mapanga na sponji kwa sababu hamjafanya kazi masjala. Mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wangu tulipiga lakiri kabati la afisa aliyehamishwa. Ndani mlikuwa na saa ya mezani, ya kutia ufunguo. Shauri likachukua miaka tisa. Siku ya kulifungua, saa ilikuwa inatembea.

Shangazi: Nani aliitia ufunguo?

Karani: Ndilo swali lililoandikwa kwenye faili. Faili likapigwa lakiri.

Barafu: Acha zako, bwana.

Karani: Sina zangu, nina za ofisi. Kitu kikishapigwa lakiri, hali yake ni ile ya dakika ile ile. Hakichakai, hakikauki, hakipoi. Kalenda ya ukutani isikudanganye. Hii ilipigwa lakiri Jumanne, ikiwa moto. Kisheria, mle ndani bado ni Jumanne.

Shangazi: Jumanne saa ngapi?

Karani aliipekua karatasi ya makabidhiano.

Karani: Saa kumi na dakika arobaini.

Upepo ukapita ukaigeuza karatasi mkononi mwake. Shangazi alikuwa amejishika kidevu.

Shangazi: Jumanne ile kahawa iliniishia mapema.

Sote tulijua maana yake. Pale benchini pana desturi: hakuna anayepanda mlima kabla hajamimina tone la mwisho la kikombe chake juu ya kava. Linalia tss, mtu anapanda, anakwenda. Mluzi ndiye aliyeianzisha. Barafu aliwahi kuikokotoa akasema inapoza kwa muda wa kupiga chafya moja, lakini hata yeye hajawahi kuondoka bila kumimina.

Shangazi: Alisimama hapo na kikombe kitupu. Akakigeuza, hakuna kitu. Akacheka, akapiga mluzi wake, akaenda.

Saa tisa na nusu mkunga akafika, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi.

Mkunga: Shikamooni.

Karani: Marahaba, binti yangu. Karibu ukae.

Mkunga: Sikai sana. Aliyetumwa amevuka mlima, amenipigia kutoka huku. Mtoto wa kwanza ametanguliza miguu.

Hata hivyo Shangazi alimpa kahawa kwa macho yasiyokubali kukataliwa, naye akaketi mwisho wa benchi, kwenye ule mguu wa kubembelezwa. Mikono ya mkunga haijui kukaa bure. Ilishuka yenyewe, ikaanza kupapasa mkanda uliofungia mguu, jino kwa jino, polepole, kama anayetafuta kichwa cha mtoto kiko upande gani.

Mkunga: Kaka Fundi, mkanda huu mliutoa wapi?

Barafu: Huo? Ulikuwa umening'inia msumarini humo karakana, dada. Mimi ndiye niliyefungia.

Mkunga: Nimemuuliza kaka Fundi.

Fundi aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

Fundi: Ni wa hii.

Mkunga: Ya kaka?

Fundi: Ya kaka yako. Nilifika kabla ya wale wa Ukaguzi. Gurudumu lilikuwa limekwama, mkanda umejisokota kwenye puli. Nikalifungua kava pale pale barabarani, nikautoa, ili tuweze kuisukuma kando. Nikarudisha kava, nikakaza. Baada ya nusu saa wakaja na waya wao, wakapiga lakiri mimi nimesimama hapo.

Mkunga: Ukawa umeweka mwingine?

Fundi: Pale barabarani? Ningeutoa wapi?

Mkunga: Na lakiri ni ile ile?

Karani alikuwa ameshainama na karatasi yake. Akasoma namba kwenye risasi, akasoma namba kwenye karatasi, akarudia kwa sauti ya chini zaidi.

Karani: Ile ile. Haijaguswa.

Barafu: Labda wale wa Ukaguzi wenyewe...

Karani: Wakuwekee mkanda? Ofisi ile ina taa ya chooni iliyoungua nikiwa na nywele.

Barafu: Basi mle ndani...

Hakuna aliyemsaidia kuimalizia sentensi, na mimi, ambaye kumalizia sentensi za watu ndiyo kazi yangu, nilitazama viatu vyangu. Watu wazima watano tulikuwa tumetumia saa nzima na nusu kujadili namna ya kupoza mkanda, na huku tumeukalia.

Shangazi: Na wewe Fundi, muda wote huo unatusikiliza tu?

Fundi: Nilikuwa namngoja mmoja wenu aulize. Niliiwasha nikijua gurudumu halitazunguka. Likazunguka. Nikakaa kimya, maana mtu mmoja akija na jambo kama hilo ataambiwa akalale.

Mkunga alisimama. Akaliwekea kava mgongo wa mkono, akangoja kidogo, kama wanavyongoja wao.

Mkunga: Thelathini na saba. Na nusu, labda.

Shangazi: Joto la mtu hilo.

Mkunga: La mtu. Kaka Fundi, itanifikisha?

Fundi: Kwa ufundi niliosomea, haiwezi kutoka hapo ilipo.

Mkunga: Na kwa ulichokiona?

Fundi: Nimezunguka nayo uwanjani mara mbili.

Mkunga: Kwa miguu nitafika kuzika. Kaka alikuwa mtu wa kuchelewa, nyote mnamjua, alichelewa hata posa yake mwenyewe. Lakini mimi hajawahi kunichelewesha popote.

Akafunga mkoba mgongoni, akavaa kofia ngumu. Shangazi hakungoja tone la mwisho; alijaza kikombe hadi ukingoni, akakimimina chote juu ya kava. Halikulia tss. Kahawa ilipotelea kwenye maungio ya lile bati kimya kimya, na hakuna hata tone lililofika chini.

Mkunga aliwasha. Fundi aliishusha kwenye stendi, naye akaondoka, na ule mluzi mwembamba ukaondoka naye, noti nne za kupanda na moja ya kushuka. Barafu aliyatazama mabaki ya mpira mkononi mwake.

Barafu: Matundu yote sita. Nimeyaziba yote sita.

Tulikaa tena. Palibaki nafasi moja, ile ya mwishoni, nikaichukua mimi. Mbele yetu kofia nyeupe ilitokea kwenye kona ya kwanza, penye nguzo, ndogo kama punje ya mchele.

Karani: Anakwenda vizuri.

Barafu: Nukta, umemwaga kahawa? Mbona unajisogezasogeza?

Mimi: Mguu wangu unaungua.

Nilidhani ni shavu la mguu lililokufa ganzi. Nikashusha mkono nyuma, nikagusa ule mkanda, nikauondoa mkono kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia kazini. Barafu aliinama, akagusa kwa kidole kimoja. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Barafu: Ameanza kupanda.

Hatukuulizana zaidi. Nasema hivi kwa sababu baadaye kila mmoja angeweza kudai kwamba alisita, lakini hakuna aliyesita. Shangazi alichota maji ya kusuuzia vikombe akamwaga, nayo yakalia tss iliyokuwa imepotea kule kwenye kava. Karani akawa anapepea kwa faili, mimi kwa gazeti, Barafu kwa kofia yake, kila mtu kutoka upande aliokuwapo. Kona ya pili, penye jiwe jeupe. Harufu ya mpira ukiungua ikatupanda puani. Moshi mwembamba ukaanza kutoka kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili.

Shangazi: Unazidi! Mnapepea unazidi!

Barafu: Acheni! Acheni wote! Ndiyo makosa yale yale! Kila mtu na tundu lake! Upande mmoja, jamani, uingie huku utokee kule! Karani, nipe kitu cha kuelekeza upepo.

Karani aliliangalia faili lake. Miaka thelathini na mmoja ilipita usoni pake, polepole, ikiwa na mihuri. Kisha akatoa zile fomu za kibali, nakala zote tatu, akazizungusha kuwa bomba, mdomo mpana huku na mwembamba kule, akaliweka ubavuni mwa mkanda.

Karani: Zitumieni kwa nia.

Barafu na mimi tukasimama mdomoni mwa bomba, tukapepea kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine anaendeleza. Moshi ukayumba, ukashika njia, ukatokea nyuma kama ulivyoamriwa. Shangazi, maji yalipomwishia, akanyanyua birika.

Karani: Unapoza kwa cha moto?

Shangazi: Jumanne ile Mluzi hakukipata cha moto.

Akamimina kwa kipimo, tone baada ya tone, kama anayemnywesha mgonjwa. Kona ya tatu, penye mti mkavu. Hapo waya uliobana ncha mbili za mkanda ukalia ting, ukakatika. Ncha zikaanza kuachana, taratibu, zikivutwa na kitu ambacho hakikuwa benchi. Fundi akapiga magoti kwenye tope la kahawa, akazikamata ncha zote mbili kwa koleo, mkono huu na mkono huu, akazikutanisha. Mishipa ya shingo ikamsimama.

Fundi: Safari hii hautoki.

Kule juu ile punje nyeupe ilifika kileleni. Ikasimama hapo muda mfupi, nadhani, au macho yangu ndiyo yaliyosimama. Kisha ikazama ng'ambo, na mlima ukabaki mtupu.

Barafu: Mteremko.

Fundi: Najua.

Barafu: Mkanda hufia mteremkoni.

Fundi: Najua, bwana! Pepea!

Tukapepea. Birika likatoa matone matatu, likatoa mawili, likakoroma. Shangazi akalitikisa, akalilaza ubavu.

Hapo ndipo tuliposikia mtu akikohoa kwa adabu. Alikuwa mwanamume wa makamo, kalamu tatu mfukoni, ubao wa kuandikia kifuani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Mgeni: Samahani. Natoka Ofisi ya Ukaguzi wa Vyombo. Nimetumwa kuhakiki lakiri ya skuta moja. Fundi ni nani hapa?

Fundi: Mimi. Siwezi kusimama.

Mgeni: Naona. Na skuta iko wapi?

Karani: Iko ng'ambo ya mlima, inateremka. Lakiri iko salama, namba zinalingana.

Mgeni: Sasa hapa mnafanya nini?

Na Karani, akiwa amepiga magoti, bomba la fomu mikononi, akajibu kwa sauti ya masjala isiyo na mtetemo.

Karani: Tunapoza mkanda wa chombo husika.

Mgeni alituangalia mmoja mmoja, kisha benchi, kisha mlima. Akachuchumaa, akanyoosha kidole, akagusa, akakitia kidole mdomoni. Akasoma fomu yake kutoka juu mpaka chini akitafuta mahali pa kuandika jambo hilo. Akaigeuza nyuma, akasoma na huko. Mwishowe akairudisha kalamu mfukoni, akavua kofia yake ya kazi.

Barafu: Upande huu, ndugu. Ukienda ule unatuharibia.

Akaja upande wetu, akaanza kupepea. Alikuwa na mkono mzuri, wa kutulia. Tulikwenda hivyo kitambo, jua likianza kuegemea, mkanda ukiwa moto ule ule, si zaidi wala si pungufu.

Mgeni: Ng'ambo kuna mtandao wa simu?

Shangazi: Hakuna.

Mgeni: Kwa hiyo akifika hatawapigia.

Shangazi: Mpaka arudi huku.

Mgeni: Atarudi lini?

Shangazi: Mapacha wakishatoka. Leo. Kesho. Nani ajuaye?

Aliendelea kupepea, huku akifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yakamilike.

Mgeni: Sasa tutajuaje wakati wa kuacha?

Fundi alibadilisha mkono wa juu, koleo lisilegee. Barafu akanipokea gazeti, mimi nikapokea kofia yake.